Siku Niliyoazimwa Maktabani

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nishacheka mpaka mbavu zimeniuma, lakini afadhali mlisikie kwa mdomo wangu kabla hamjalipata kwa jirani yangu Mama Baraka, maana yule akisimulia jambo hulitia nazi mpaka mwenyewe hulitambui tena. Ndiyo, ni kweli, niliaibika. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima, maikrofoni mkononi, miguu mitupu, na ndani nimevaa shimizi mpya (shimizi nitaieleza, ngojeni).

Kwa asiyenijua, mimi ni Kadzo, Kadzo wa mahamri, nauza pale stejini Magongo, mahamri na mbaazi na chai, asubuhi malori yakianza kupiga foleni mimi nishapata moshi wa kutosha machoni. Sasa, kuna siku watu fulani walikuja kwenye maktaba ya mtaa wetu wakapima watu presha na sukari bure, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeng'ang'ania sufuria ya mbaazi, sikwenda. Wee! Wanawake wa mtaa walinikomesha. Kila mmoja na presha yake, huyu ya kwake imepanda, huyu ya kwake nzuri kama ya msichana, wanajigamba nazo utadhani ni watoto waliofaulu mtihani, na mimi sina hata moja ya kutaja. Kwa hivyo Mama Baraka aliponipigia kelele juu ya ua, "Kadzo! Jumamosi maktaba wana mambo tena, bure!", mimi sikuuliza mambo gani. Neno bure likishanifika masikioni, mengine huwa siyasikii.

Jumamosi hiyo nikafunga biashara mapema, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, na ndani ndiyo hiyo shimizi mpya, maana daktari haaminiki, hujui atataka kupima wapi. Miwani nikaisahau juu ya friji. Kama ningeivaa ile miwani, hii hadithi isingekuwako.

Sasa niwaambie ukweli, ile maktaba naipita kila siku na sikuwahi kuingia, nilijua ni ya watoto wa shule na watu wa tai. Nilipofika mlangoni nikasimama. Feni zinazunguka juu, baridi tamu, sakafu inameta, na vitabu, Yesu wangu, vitabu kutoka chini mpaka darini, ukuta huu na ule, vimepangwa kama vyombo vya bibi harusi. Nikawaza, watu wote hawa waliokaa wakaandika, mimi barua ya kwa mama tu hunishinda. Nikajikuta nimeingiwa na adabu, nikavua viatu. Hakuna aliyeniambia nivue. Wenzangu wote wamo ndani na viatu vyao, lakini mimi kwetu nyumba safi hivi mtu haingii na vumbi la Magongo, nikaviacha mlangoni, nikaingia kwa ncha za vidole.

Mama mmoja mwenye buibui na tabasamu akanijia mbio. Huyu ndiye Bi Rehema, msimamizi wa maktaba.

"Karibu mama, karibu sana. Jina lako nani?"

"Kadzo."

"Kadzo! Mashallah! Jamani, Kadzo ameshafika!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Haki ya Mungu, watu waliinuka vitini. Bi Rehema akanikumbatia, akanivika utepe shingoni wenye kadi (nikajua ndiyo namba ya foleni), akanishika mkono mpaka kwenye meza ndogo yenye viti viwili vinavyotazamana. Huku na huku kuna meza nyingine kama hiyo, kila moja na watu wawili watatu wanaongea kwa sauti ya chini, mmoja anaeleza, mwingine anatikisa kichwa. Madaktari na wagonjwa, nikajiambia. Nikakaa nikastarehe, nikawaza kumbe siku hizi kupimwa presha kuna heshima hivi, na hawa wanawake wa mtaa hawakuniambia.

Mara akaja mwanamume mrefu, kofia ameishika mkononi, na nyuma yake msichana aliyemaliza shule juzijuzi. "Habari yako madam," akasema, lafudhi ya bara kabisa. "Mimi naitwa Baba Mwende, na huyu ndiye Mwende mwenyewe. Ni sisi tumekuazima."

"Sawa daktari," nikajibu, nikakunja mkono wa gauni mpaka juu, nikaunyoosha mezani, ngumi nimeikaza.

Yule baba akautazama ule mkono. Akanishika, akanisalimia nao kwa adabu, akataka kuniachia, mimi sikuachia.

"Nikaze zaidi?" nikamuuliza.

"Vile utapenda, madam."

Msichana akafunika mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo nikaanza kuhisi kuna jambo, nikashusha macho kwenye kadi yangu, nikaisogeza mbali, nikaileta karibu, nikakunja uso, herufi zikaja moja moja: KADZO, DEREVA WA KRENI BANDARINI.

Na Bi Rehema naye alikuwa amekuja na sahani ya sambusa na glasi ya maji ya ukwaju, akaniwekea mbele, akawaeleza wageni wangu kwa upole: leo maktaba haiazimi vitabu, inaazima watu. Kila aliyevaa kadi ni kitabu. Unakaa naye nusu saa, unamuuliza unachotaka, anakujibu kwa maisha yake, halafu unamrudisha. Meza ile kuna mzee aliyepofuka ukubwani, ile ya dirishani kuna mwanamume ambaye kazi yake ni kuosha maiti. Tangu lini mtu akaazimwa kama kitabu? Na nani angekubali kujifungua hivyo mbele ya asiyemjua? Nilikuwa nimeingia mahali ambapo watu wanakaa wakasomwa, na mimi ndani yake nimekaa na kadi ya mtu.

Hapo ndipo pa kusema. Neno dogo tu, samahani Bi Rehema, Kadzo ni mimi lakini si huyu. Kadzo tumejaa kutoka Likoni mpaka Kisauni, ukiita jina hilo sokoni wanageuka wanawake nusu. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini yale makofi, jamani! Mimi tangu nizaliwe sijapigiwa makofi, hata siku ya harusi yangu makofi alipigiwa mpishi. Nikaitazama sambusa. Nikamtazama yule baba anavyonitazama kwa heshima, kofia bado mkononi. Nikasema moyoni, nusu saa tu Kadzo, itakuua?

"Uliza, Baba Mwende," nikasema.

Akavuta pumzi. "Madam, mimi ni dereva wa lori. Nachukua makontena hapo bandarini, kwa hivyo hizo chuma nazijua kutoka chini. Sasa huyu msichana wangu amepata nafasi ya kusomea kuendesha kreni. Jumatatu anatakiwa kufika. Mamake alituacha, mimi niko na huyu peke yake. Nikakataa. Yeye akalia wiki hizi zote, hali, haongei. Mwisho tukapatana, twende tuulize mwanamke mwenye anafanya hiyo kazi. Vile utasema, ndivyo itakuwa."

Mwende alinitazama tu, vidole amevifumbata, na macho yale bado nayaona. Mtu mwenye akili timamu hapo angevua kadi akakimbia. Mimi nikajiambia nitamsaidia mtoto wa watu, nitasema kazi nzuri, nitamaliza sambusa, nitarudi nyumbani. Nia yangu ilikuwa nzuri kabisa, muniandikie hilo.

"Kazi nzuri sana," nikasema.

"Huko juu huogopi?"

"Kuogopa nini? Watu nawaona kama sisimizi." (Mimi hata kupanda stuli kubadilisha balbu namwita mtoto wa jirani.)

"Wewe uko kreni gani? Hizi za yadi zinapakia malori, ama zile ndefu za meli?"

"Zote ni zangu."

Akashangaa kidogo, lakini akatikisa kichwa. "Na ukibanwa na haja?"

"Kadzo habanwi," nikajibu, na meza ya jirani wakaangua kicheko, na kile kicheko, ndugu zangu, kilinipanda kichwani. Watu wakaanza kugeuza viti. Mzee aliyepofuka akaomba asogezwe karibu. Bi Rehema, maskini, kwa furaha yake akasema, "Kadzo, kwa nini tusisikie sote?" akaniinua, akanipeleka mbele, akanitia maikrofoni mkononi. "Tusimulie siku moja ambayo huisahau."

Nami nikawasimulia. Sijui nilitoa wapi. Nikasema siku hiyo upepo wa kusi ulivuma mpaka kreni ikawa inanesa, kontena linaning'inia mkononi mwangu (nikaonyesha kwa maikrofoni), chini malori yamejaa, madereva wanapiga kelele, nikasikia waya unalia, kri, kri, kri, nikafumba macho, nikaimba wimbo wa kanisani, na nilipofika kiitikio waya ukakatika, kontena likashuka, PUU! Ukumbi ukaruka pamoja nami. "Likaangukia wapi?" mtu akauliza. "Karibu na lori," nikasema, "hivi, unywele tu kati yake na dereva!" Wakashika vichwa. Nilijihisi mkubwa, sijawahi kujihisi mkubwa hivyo, na hata nilikuwa naanza kujihurumia kwa ile hatari niliyopitia.

Halafu nikamwona Baba Mwende. Amesimama, anavaa kofia yake.

"Asante madam," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Hiyo ndiyo nilikuwa naogopa, na mwenyewe umesema. Mwende, twende nyumbani. Jumatatu huendi mahali."

Yule msichana hakulia. Angelia ningevumilia. Aliinuka tu, akakirudisha kiti chini ya meza taratibu, akanyoosha sketi yake, na uso ukafungwa, kama duka linavyofungwa. Nikaona Jumatatu yake, na Jumanne, na miaka yote baada ya hapo, na aliyeiangusha si kreni wala upepo, ni mimi na sambusa yangu.

"Ngoja!" nikapiga kelele kwenye maikrofoni mpaka ikalia. "Baba Mwende, usitoke! Mimi si Kadzo!"

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha mwingine.

"Msicheke! Yaani ni Kadzo, lakini si Kadzo huyu! Mimi ni Kadzo wa mahamri, wa stejini. Kreni sijapanda, ngazi yenyewe naiogopa. Nilikuja kupimwa presha!"

Bi Rehema kashika mdomo. Nami nikishaanza kusema ukweli huwa siwezi kusimama katikati, nikaendelea. "Waya haukukatika. Hakuna waya. Mtoto huyu hana kosa, aliyeongopa ni mimi. Hata daktari nilidhani ni wewe, ndiyo maana nikakupa mkono."

Nikaweka maikrofoni chini, nikatazama mlango nitoke mbio, na mlangoni amesimama mwanamke mfupi, mfupi kuliko mimi, koti la kung'aa la kazini limejaa vumbi, helmeti kwapani, na mkono wa pili ameshika viatu vyangu.

"Hodi," akasema. "Samahani nimechelewa, mwenzangu wa zamu alikawia. Na hivi viatu ni vya nani? Nusura vinivunje shingo."

Macho yote yakashuka kwenye miguu yangu.

"Ni vyangu," nikasema.

Akaja mpaka mbele, akaviweka chini miguuni pangu, taratibu, kwa heshima, kama unavyomwekea mkweo. "Somo yangu," akaniambia (ndivyo tunavyoitana tulio na jina moja), "nilifika hapo mlangoni pale ulipofumba macho. Umenitia hofu mimi mwenyewe."

Nilitamani sakafu inimeze na shimizi yangu. Nikavua ile kadi, nikamvika yeye. Nilitegemea aniumbue mbele za watu, na alikuwa na haki. Hakufanya hivyo. Alimwendea Baba Mwende, akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akakaa mbele yake. Sisi wengine tukabaki wima pale tulipokuwa.

"Baba, mimi ndiye Kadzo wa kreni za yadini," akasema. "Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Shingo huuma, maana unafanya kazi ukitazama chini, sakafu ya chumba chetu ni kioo, unaona kati ya miguu yako. Mwanzoni mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, mwalimu alikaa nyuma yangu. Upepo ukizidi, king'ora kinalia na kazi inasimama. Hakuna kufumba macho wala kuimba." (Hapo akanitupia jicho, na watu wakacheka kidogo, nami nikalistahili.)

"Na sisi wa chini?" Baba Mwende akauliza. "Mimi nakaa ndani ya lori hapo chini. Wewe huko juu unaniona?"

"Kila mara. Naona kofia, naona mkono dirishani. Kontena zito nikikushushia, najua kuna mtu ndani. Nalilaza kama mtoto aliyekwisha kusinzia."

Yule baba akaugusa ukingo wa kofia yake kichwani. Halafu akasema polepole, kama anajisemea, "Kuna mmoja hapo yadini. Sisi madereva tunamjua na hatumjui. Wengine wakikushushia mzigo, lori linaruka na meno yanagongana. Lakini huyo, mimi huweka kikombe cha chai kwa dashibodi, na haimwagiki. Tunaulizana kila siku, huyo jamaa ni nani."

"Safu ile ya mwisho, karibu na ukuta?"

"Hiyo hiyo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Kadzo akatabasamu tu, akainamisha kichwa.

Jamani. Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sijaona mtu mzima akimtazama mwanamke mfupi mwenye vumbi kama Baba Mwende alivyomtazama yule. Alivua kofia upya. Siku zote hizo amekaa chini ya mikono ya mtu asiyemjua, akinywa chai yake kwa amani, na mtu mwenyewe ni huyu. Mzee aliyepofuka alikuwa anapangusa machozi, na mimi vinyweleo vya mikono vilinisimama (nilijua kwa sababu mkono wa gauni ulikuwa bado umekunjwa mpaka juu). Nikafikiri pia habari ya yule somo yangu, kwamba mtu anaweza kufanya kazi nzuri hivyo juu huko, peke yake, hapigiwi makofi wala hayatafuti, na mimi kwa makofi ya dakika nilikuwa tayari kumuuza mtoto wa watu.

"Mwende," baba yake akasema, bila kugeuka. "Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

Hapo ndipo Mwende alipolia.

Mimi nikavaa viatu vyangu nikatoka kwa mlango wa nyuma, na kabla sijafika stejini Mama Baraka alikuwa ameshapata habari, sijui kwa njia gani. Wiki nzima wateja waliniagiza mahamri wakiiga king'ora cha kreni. Presha sijapima mpaka leo, na naamini ipo juu. Lakini nimeweka nadhiri, na nimeishika: mtu akiita Kadzo, popote pale, kanisani, sokoni, hata hospitalini, siitiki mpaka niulize Kadzo yupi.

Na muda umepita, nilidhani yameisha. Juzi alfajiri nimeinamia karai, mafuta yamechemka, nikasikia nyuma yangu, "Kadzo!"

"Yupi?" nikajibu bila kugeuka.

"Wa mahamri."

Nikageuka. Mwende, koti la kung'aa, helmeti kwapani, mashavu yamejaa. Akaniamkia, akaagiza mahamri, yake na ya mwalimu wake. "Ya somo yako," akasema, akacheka. "Leo hatakaa nyuma yangu. Leo niko peke yangu juu."

Na hapo kando ya barabara lori limesimama, Baba Mwende akashuka, kofia kichwani, kikombe chake mkononi. Tukasalimiana. Hakunitania, wala hakuwa na maneno mengi, macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Akaninyooshea kikombe.

"Chai, Mama Kadzo. Leo mzigo wangu unapakiwa na huyu."

Nikamimina, nikafika nilipozoea kufika kwa madereva, chini kidogo ya ukingo ili isimwagike njiani, nikainua birika.

"Ongeza," akasema. "Jaza mpaka juu kabisa."